Marafiki wasiojulikana nyumbani

Mwaka juzi nililazwa hospitalini siku 11. Simu iliisha chaji siku ya kwanza tu, na kwa hali niliyokuwa nayo sikuikumbuka. Ndugu waliarifiwa, kazini waliarifiwa, majirani walijua hata kabla gari halijaondoka. Niliporudi nyumbani na kuichomeka simu nikakuta jumbe 63. Tano zilitoka kwa watu ninaoonana nao kila wiki. Nyingine zote zilitoka kwa watu wa mtandaoni ambao sijawahi kumshika mkono hata mmoja wao.

Nilizisoma kwa mpangilio wa siku. Za mwanzo zilikuwa utani: "Mkuu, umetukimbia?" Siku ya tatu utani ukaanza kupungua. Siku ya tano mmoja akauliza kama kuna yeyote anayemfahamu ndugu yangu hata mmoja. Siku ya saba walikuwa wakipekua maandishi yangu ya miaka ya nyuma, wakitafuta jina la mwajiri, jina la mtaa, chochote cha kushikilia. Na siku ya tisa mama mmoja, ambaye kwa miaka mingi tumebishana juu ya karibu kila kitu, aliniandikia faraghani: "Kama unasoma hapa, usijisumbue kujibu. Weka nukta tu tujue upo."

Nikaweka nukta.

Nilipomsimulia kaka yangu alicheka kidogo, akasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Sikumbishia, maana yeye ndiye aliyenibeba mgongoni kunishusha ngazi usiku ule, na rafiki wa mtandaoni hawezi kukubeba mgongoni. Kwa upande wa nyoka, methali iko sahihi kabisa. Ila nikihesabu mambo yaliyonikosesha usingizi maishani, nyoka ni wachache. Mengi yalikuwa hofu ya majibu ya vipimo, aibu ya kushindwa mbele ya watu wanaonijua, hasira ambayo nisingeweza kuitoa nyumbani bila kuvunja kitu. Kwa mambo ya namna hiyo umbali unasaidia. Aliye mbali hana cha kugombania nawe, hamjui shemeji yako, hatakutana na bosi wako kesho asubuhi. Na ikiwa kwako ni saa tisa za usiku, huenda kwake jua limeshachomoza na yuko macho.

Kundi letu nimo kwa mwaka wa 14 sasa. Tulikutana kwa sababu ya kamera za zamani, zile za kutia filamu. Nilikuwa na moja inayokwama kila ninapobonyeza, nikauliza, na ndani ya saa moja nilikuwa na majibu matatu, mawili yakigombana. La tatu ndilo lililoniokoa: grisi ya zamani imekauka, nisithubutu kuongeza mafuta, kwani yatatambaa hadi kwenye vibati vyembamba vinavyoruhusu mwanga na kuvinatisha zaidi. Safisha, usipake. Nilifuata, ikapona. Nikabaki.

Miaka miwili mitatu ya kwanza tuliongea kamera. Kisha siku moja mwenzetu, akieleza kwa nini amechelewa kutuma kipuri alichomwahidi mtu, akaandika katikati ya sentensi kwamba mke wake amehama na watoto. Akaendelea na habari za kipuri kana kwamba hajasema kitu. Kimya kilikuwa kirefu. Hatimaye mmoja akamjibu habari za kipuri kwa urefu, vipimo na kila kitu, halafu chini kabisa akaongeza: "Na hilo la nyumbani, pole sana ndugu. Ukitaka kuongea, mimi usiku silali mapema."

Walioongea usiku huo sijui waliongea nini. Ninachojua ni kwamba baada ya hapo watu walianza kuacha mambo yao chini ya maelezo ya kamera, kama mtu anayeacha mlango bila komeo. Wapo waliochukia. Hadi leo kuna wazee wa kundi ambao kila baada ya wiki chache hukumbusha kuwa hapa tumekuja kwa kamera, turudi kwenye mada. Zamani niliwaona wana roho ngumu. Siku hizi nadhani wana haki nusu. Kamera ndiyo kisingizio chetu, na bila kisingizio wengi wetu, hasa sisi wanaume, tusingekanyaga mahali palipoandikwa "karibuni tuzungumze machungu yetu". Tunakuja kuuliza habari za lenzi. Kwa hiyo lenzi na zilindwe, ili machungu yapate pa kupitia.

Kuna mtafiti wa Marekani, Jeffrey Hall, ambaye mwaka 2018 alitoa makadirio ya muda unaohitajika ili watu wawe marafiki. Aliwafuatilia watu waliohamia mahali papya pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, akakuta inachukua takriban saa 50 pamoja ili mtu unayemfahamu awe rafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 ili awe rafiki wa karibu. Hall alipima watu wanaoonana ana kwa ana, hilo nalijua. Lakini nilishika kalamu nikapiga hesabu yangu. Dakika 10 kwa siku ni kama saa 60 kwa mwaka. Kwa mwendo huo saa 200 zinatimia kabla mwaka wa nne haujafika nusu, na mimi nimo humo miaka 14, tena sijawahi kutumia dakika 10 tu. Mke wangu ni shahidi.

Urafiki wa maandishi una tabia yake. Mtafiti wa mawasiliano, Joseph Walther, aliandika mwaka 1996 kwamba watu wanaowasiliana kwa maandishi matupu wanaweza kukaribiana kuliko wanaokutana uso kwa uso, kwa kuwa mwandishi ana nafasi ya kuchagua maneno, na msomaji hujaza mwenyewe kisichoandikwa, mara nyingi kwa wema. Nakubaliana naye, na hapo ndipo penye mtego. Anayejazia kwa wema ni rahisi kumlaghai.

Sisi tulilaghaiwa. Miaka kadhaa iliyopita alikuja mtu mchangamfu, mwenye maswali mazuri, na baada ya miezi sita hivi akaanza kuumwa. Ugonjwa mkubwa, wenye majina ya dawa na tarehe za upasuaji. Tulichanga. Mmoja wetu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyegundua kuwa tarehe hazipandani na dawa zile hazitumiki pamoja. Alipoulizwa kwa upole, mtu yule alitoweka usiku huohuo. Baadaye nilisoma kwamba hali hii ilishapewa jina mwaka 2000 na daktari wa magonjwa ya akili, Marc Feldman, aliyeeleza watu wanaojisingizia ugonjwa mtandaoni ili wahurumiwe. Wengi wao hawatafuti hata pesa. Wa kwetu alitaka vyote viwili.

Pesa zenyewe zilikuwa kidogo, tukazisahau. Hasara ilikuja mwaka uliofuata, pale mwenzetu wa siku nyingi alipopata saratani kweli na akakaa nayo miezi minne bila kutuambia. Aliogopa tutamfikiria ni yule yule kwa sura nyingine. Alituambia matibabu yalipokuwa yanaelekea mwisho, kwa sentensi mbili, na akaambatanisha picha ya karatasi ya hospitali ambayo hakuna aliyemwomba. Ile picha bado inaniuma. Mlaghai alichukua michango kidogo kwetu. Kwa mgonjwa wa kweli alichukua miezi minne ya kupewa pole.

Tulijiwekea utaratibu baada ya hapo: hakuna michango ya kundi zima. Anayetaka kumsaidia mwenzake kwa pesa amsaidie yeye kwa yeye, kwa kiasi ambacho kikipotea hatalia. Lakini maneno hayana kikomo. Pole haihitaji risiti. Akija mtu kesho na kusema anaumwa, nitamwamini, na nikigundua kanidanganya sitajuta kumpa pole. Wenzangu kadhaa hawakubaliani nami katika hili, na wawili waliondoka.

Watu wasiokuwa na kundi la namna hii hudhani msaada wake ni ule wa siku ya msiba. Huo upo, ila si ndio unaoliweka kundi hai. Kinacholiweka hai ni kukumbuka. Yule mama wa nukta, mbishani wangu, alikiri siku moja kwamba ana daftari. Humo anaandika nani ana mtihani lini, mtoto wa nani anafanyiwa upasuaji, nani alifiwa mwezi gani. Sisi wote tulidhani ana kumbukumbu ya ajabu. Kumbe kila Jumapili anafungua daftari na kuangalia wiki ijayo. Wapo walioona kama amewadanganya, kwamba kukumbuka kwa daftari si kukumbuka. Mimi naona kinyume chake. Jambo linalokujia lenyewe kichwani halikugharimu kitu. Yeye kila wiki anakaa chini, kwa hiari yake, kuwahangaikia watu ambao wengi wao hata sura zao hazijui.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kuna mwenzetu aliyekuwa akiandika karibu kila siku, fundi hodari, mwenye utani mkavu. Miaka sita iliyopita aliandika kuwa amepata kamera ambayo ameitafuta tangu ujana na kwamba Jumamosi ataifungua atuonyeshe ndani. Jumamosi ikapita. Jina lake bado lipo, picha zake zipo, ahadi ipo. Huenda alichoka nasi. Huenda alipoteza simu na nywila. Huenda alikufa siku ya Ijumaa, na waliomzika hawakujua kwamba kuna watu wapatao 40 wanaomsubiri afungue kamera. Hatuna wa kumuuliza. Hatuna hata haki ya kuuliza, maana kwa familia yake sisi si kitu.

Hili ndilo tundu la urafiki wetu. Tumejenga njia za kufikiana sisi kwa sisi, hatukujenga hata moja ya kutoka majumbani mwetu kwenda kwa wenzetu. Walioanza mambo haya kabla ya intaneti walikuwa na busara kutuzidi. Wapenzi wa mawasiliano ya redio, wale wenye leseni wanaozungumza na dunia kutoka vyumbani mwao, wana desturi ya siku nyingi: mmoja wao akifa husemwa kwamba kitufe chake kimenyamaza, yaani kile kitufe cha kugongea alama za Morse. Majarida yao huchapisha orodha ya walionyamaza. Ili jina liingie kwenye orodha, lazima mtu wa karibu na marehemu ajue pa kupeleka habari.

Kule Norwe kulikuwa na kijana, Mats Steen, aliyezaliwa na ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli. Alifariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Miaka yake ya mwisho alitumia muda mwingi sana kwenye World of Warcraft, mchezo wa kompyuta unaochezwa na watu wengi pamoja mtandaoni, na wazazi wake walihuzunika wakiamini mtoto wao ameishi bila marafiki. Lakini alikuwa amewaachia nywila. Baba yake akaitumia kutangaza kifo pale mwanawe alipokuwa akiandika, na jumbe zikaanza kuingia kutoka nchi mbalimbali, za watu waliomjua kwa jina la Ibelin, wakieleza alivyowasikiliza na kuwashauri. Baadhi yao walisafiri hadi kwenye mazishi. Nikisoma habari hii sifikirii sana ule mchezo. Nafikiria ile nywila. Bila hiyo wazazi wale wangebaki na huzuni isiyo ya kweli maisha yao yote, na marafiki wale wangebaki wakiliangalia jina lisilowaka taa, kama sisi na fundi wetu.

Ndiyo maana nasema, na najua litawakera wanaopenda siri zao: ukiwa na marafiki wa namna hii, mtu mmoja wa nyumbani kwako anapaswa kujua kuwa wapo. Si lazima awajue wote, wala asome mliyoandikiana. Ajue tu ni nani wa kumwambia, na kwa njia gani. Nilipolipeleka wazo hili kwenye kundi, wengine walisema ni uchuro. Mmoja alisema mkewe hajui kuwa anamiliki kamera 19, na asingependa ajue hilo siku ya msiba. Tulicheka sana. Kisha wiki ile ile watu 12 wakasema wameshaandika karatasi zao.

Yangu ina majina saba. Matano si majina ya kweli, ni yale tunayoitana. Kwa kila mmoja nimeandika namna ya kumpata na mstari mmoja wa kumweleza ni nani kwangu, na huo mstari mmoja ulinichukua jioni nzima. Nilidhani nitampa mke wangu, lakini yeye anawajua nusu tayari kwa kunisikia nikicheka peke yangu usiku. Nikampelekea kaka.

Aliisoma amesimama mlangoni. Alipofika jina la tatu akaniuliza, "Huyu ndiye wa nukta?" Nikamwambia ndiye. Akaikunja mara mbili, akaitia kwenye pochi yake nyuma ya kitambulisho, akaniuliza kama nimekunywa dawa.