Tulimwomba Mwingereza msamaha, na mbuzi juu

Naandika kwa sababu kuna ndugu mmoja wa Kampemba, hapa Lubumbashi, namjua na yeye anajijua, ambaye tangu Jumamosi anasambaza sauti kwenye WhatsApp eti nilimtukana mzungu wa watu mbele ya mchungaji na mbuzi. Sikumtukana mtu. Mbuzi alikuwepo, hilo sikatai.

Kazi yangu mnaijua. Wageni wa migodi wakishuka Lubumbashi, mkubwa wangu anawauzia vipuri, mimi nasimama katikati nageuza maneno. Na kwa maneno ya hasira, jamani, nilijiona profesa. Ni mimi niliyemkataza sekretari wetu kumwandikia mteja kwamba kuchelewa kwa malipo "enervates us". Kwa Kifaransa "énerver" ni kumtia mtu hasira. Kwa Kiingereza "enervate" ni kumlegeza, kummaliza nguvu. Mteja angedhani ofisi nzima imeshikwa na malaria. Ni mimi niliyefuta "sorry to derange you": kwa Kifaransa "déranger" ni kusumbua tu, lakini Mwingereza akikuita "deranged" anakuona kichaa. "Annoy" ni kuudhi, "irritate" ni kero inayochokonoa, "upset" ina majonzi ndani yake, "infuriate" hapo meza inapinduka. Zote nilikuwa nazo kichwani, nimezipanga kwa ukali.

Sasa "pissed" niliiokota kwenye filamu za Marekani, na huko mtu akisema yuko "pissed", mpishe njia, amekasirika. Mwingereza akilitamka neno hilohilo peke yake, amelewa chakari. Akitaka la hasira anaongeza "off". Nawapa siri hii mapema ili mteseke pamoja nami. Jumamosi asubuhi mimi sikuwa nayo.

Ijumaa mkubwa alimtoa mgeni wetu, Mwingereza, kula: bukari (ugali wetu), samaki, michopo ya mbuzi wa kuchoma, na bia za Simba baridi zikija zenyewe mezani. Mgeni alicheka, alicheza, alimkumbatia mlinzi wa mlangoni. Asubuhi akanipigia, sauti imekwaruza, akaomba nimfikishie mkubwa pole zake kwa ya jana, kwamba alikuwa "completely pissed". Nikafikisha: alikasirika kabisa.

"Alikasirika? Juu ya nini? Si alikuwa anacheka?"

"Papa, Waingereza hasira yao wanaificha." (Hilo nalo nililitoa mimi. Niacheni.)

Kikao kikakaa palepale. Mama, mke wa mkubwa, akasema ni miba ya samaki. Dereva akasema ni ule muziki. Mkubwa mwenyewe akakumbuka kwamba alimwita mgeni "mwanangu" mbele ya watu, na pengine kwao ni dharau. Ikaamuliwa tuombe msamaha kikwetu. Mbuzi akafungwa nyuma ya pikapu, mchungaji akapitiwa nyumbani kwake.

Haya, kaeni vizuri.

Mapokezi ya hoteli. Feni inazunguka, dada wa kaunta anaandika kwenye daftari lake. Tumejipanga mstari: mkubwa na suti, Mama na kitenge cha kanisani, mchungaji na Biblia kifuani, dereva na kamba ya mbuzi. Mgeni anashuka ngazi amevaa miwani ya jua, mkono mmoja ukutani, mwingine na chupa ya maji. Anatuona. Anasimama kwenye ngazi ya mwisho.

"Mwambie tunajua jana alikasirika."

"We know that you were pissed."

Akavua miwani.

"Mwambie batu bote balimuona."

"Everybody saw you."

Shingo ikaanza kuwa nyekundu.

"Mwambie Mama hapa hakulala, aliomba usiku kucha."

Nikalisema, tena kwa sauti ya upole. Mgeni akamtazama Mama. Mama akatikisa kichwa kwa huruma. Wekundu ukafika masikioni.

"Mwambie tumemletea mchungaji, ile hali isimrudie."

Nikalisema. Mchungaji akafungua Biblia. Mbuzi akalia mee, moja, ndefu.

Mgeni akameza mate, akaongea taratibu akiangalia vigae, nami nikawageuzia wakubwa neno kwa neno: "Anasema anaona haya sana. Kazini hajawahi. Kwao hukasirika wikendi tu, na rafiki zake."

"Na rafiki zake?" Mkubwa akanigeukia. "Kila wikendi?"

"Ndivyo anavyosema, Papa."

"Na bibi yake anavumilia?"

Nikauliza habari za mke wake. Mgeni, masikini, akajibu kwa uaminifu wote.

"Anasema bibi yake naye hukasirika, ila zaidi siku ya Noeli."

Mama akashika mdomo. Mchungaji akasema kwa sauti ya chini kwamba nyumba hiyo inataka mfungo.

"Anasema pia kilichomponza ni chupa. Chupa za hapa ni kubwa kuliko alizozoea."

"Alikasirika sababu chupa ni kubwa?"

Hapo hata mimi nilianza kuingiwa na baridi, lakini mkalimani akishaanza kuteremka hana breki. Nilikuwa nimefungua mdomo kumuuliza mgeni saizi ya chupa isiyomtia hasira, ndipo nikasikia kitu nyuma ya kaunta. Yule dada alikuwa amelaza uso kwenye daftari, mabega yanaruka. Kumbe amekulia Chingola, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, na Zambia ilikuwa chini ya Waingereza mpaka 1964. Kiingereza alichonyonya ni cha wenyewe.

"Ndugu, unisamehe," akasema akijifuta machozi. "Mgeni hana hasira na mtu. Anasema alilewa. Na ninyi tangu mmeingia munamwambia ni mlevi."

Kimya. Halafu mkubwa akakaa kwenye sofa, akacheka mpaka tai ikamkaba. Mgeni alipoelezwa naye akaketi kwenye ngazi, kichwa kati ya magoti, sijui alikuwa analia au anacheka. Mbuzi alikuwa michopo kabla ya magharibi, mgeni akala vizuri na akanywa maji. Mchungaji alisema kwa kuwa petroli imeshatumika hawezi kurudi bure, akamwekea mikono na kumwombea, safari hii kuhusu pombe.

Nilijaribu kuwaeleza kwamba kwa Kimarekani nilikuwa sahihi. Nawaeleza na ninyi: kwa Kimarekani nilikuwa sahihi. Dereva akaniuliza kama tuko Marekani.

Kazi bado ninayo. Kesho tunazungumza bei na mgeni, na mkubwa amenijulisha kwamba dada wa kaunta atakuja pia, "kusaidia kidogo". Ameniomba mimi nishughulikie vinywaji.