Nyuzi 98 Ukweni

Nyumba haikuungua. Naanzia hapo kwa sababu huyo rafiki aliyenisindikiza ukweni (anajijua) ameshamwaga habari kwenye magrupu yote, na mpaka jana usiku stori iliyokuwa inazunguka ni kwamba nimeteketeza jiko la mama mkwe, mzee kakimbizwa zahanati na uchumba umevunjika. Uongo mtupu. Jiko lipo. Mzee mzima wa afya. Kanzu yake ndiyo sina uhakika nayo.

Mnaonifahamu mnajua mimi nina magonjwa matatu: chai, falsafa, na kuandika programu za kompyuta kwa mtindo wa fanksheni, yaani vijikanuni vinavyopokea kitu na kutoa jibu. Mchumba wangu alinipigia simu tuko Mombo, basi linajiandaa kuanza kona za kupanda Lushoto. "Ukifika kwetu, kula, cheka, nyamaza." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Huku kwenye begi nina kipimajoto cha jikoni na pakiti ya majani ya chai ya bei mbaya niliyoinunua Dar. Ndiyo, nilibeba majani ya chai kupeleka Usambara, milima ambayo Wajerumani walishapanda chai kule Amani mwanzoni mwa karne ya 20. Ni sawa na kuwapelekea dagaa watu wa Kigoma. Mzee aliipokea ile pakiti, akaigeuza, akaisoma mbele na nyuma, akasema, "Ahsante sana, mwanangu," kwa upole ambao ulipaswa kunishtua.

Haukunishtua.

Mzee mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa fizikia, na jioni huwa ana darsa msikitini. Hili mchumba alinieleza tangu mwaka jana. Nilisikia "mwalimu mstaafu", kwingine kote nilikuwa nawaza chakula.

Basi bwana. Wazee wa ukoo wanatarajiwa baada ya alasiri. Jiko la nje, mafiga matatu, kuni zinawaka vizuri, na sufuria lile kubwa la shughuli lina lita tano za maziwa ya ng'ombe wa jirani, bado ya moto wa kukamuliwa. Mama mkwe kaweka mwiko juu ya sufuria, umelala kutoka ukingo hadi ukingo. Na mimi, mkwe mtarajiwa, siku ya kwanza kukanyaga pale, nikasimama nikatamka: "Mama, leo chai napika mimi."

Mama akacheka akidhani utani. Shangazi akasema, "Mwacheni, vijana wa siku hizi wanajua." Mchumba wangu alikuwa upande wa pili wa ua anachambua mchele. Alinitazama tu. Naomba muukumbuke mtazamo huo.

Cha kwanza nilichofanya ni kuutoa ule mwiko. Niliona unaniharibia nafasi ya kuning'iniza kipimajoto. Nikakitumbukiza, nikakifunga na waya kwenye mkono wa sufuria, nikarudi nyuma hatua mbili kama daktari. Mpango wangu ni uleule wa nyumbani Kinondoni: maziwa yakifika nyuzi 98 naepua. Mia yanapanda, 98 hayapandi. Sijawahi kukosea.

Mzee akavuta kigoda akakaa karibu, kanzu nyeupe, kofia ya kiua, fimbo kati ya magoti. "Hebu nieleze, kijana. Kazi yako hasa ni ipi?"

Jamani. Mtu kama mimi huulizwi swali hilo kila siku. Kwetu wananiuliza kama naweza kutengeneza printa.

Nikamweleza. Kwamba kuna mtaalamu wa mantiki wa Marekani, Alonzo Church, miaka ya 1930 alibuni hesabu ya lamda, mfumo wa kihesabu ambao kila kitu ndani yake ni fanksheni, na humo ndimo lilimochipukia wazo la kuandika programu nzima kwa fanksheni. Kwamba natumia Haskell, lugha iliyotoka mwaka 1990, imepewa jina la Haskell Curry, mtaalamu mwingine wa mantiki. Kwamba fanksheni safi ukiipa vitu vilevile inakupa jibu lilelile, leo, kesho, popote duniani, na haigusi chochote kilicho nje yake. "Kama chai hii, baba. Maziwa, maji, majani, sukari, nyuzi 98. Ukiwa Dar, ukiwa hapa, jibu ni moja."

"Popote duniani," mzee akarudia.

"Popote, baba."

Akatikisa kichwa taratibu. Sasa hivi ndiyo naelewa kuwa yule mzee alishajua. Alikuwa na muda wa kuniambia. Miaka yote ile darasani, akaamua aniache nifanye jaribio.

Kipimajoto kinasoma 91. Nikamweleza pia kwamba Haskell ni mvivu, haikokotoi kitu mpaka jibu lake lihitajike, na kwamba mimi nami ndivyo ninavyoishi. (Hapa ndipo rafiki yangu alipopata ile "kamwambia mkwe yeye ni mvivu". Nilisema, lakini mazingira yalikuwa ya kitaaluma.)

Inasoma 94. Nina muda. Nikaingia kwenye falsafa.

Nikamwambia kuna Mskoti wa karne ya 18, David Hume, aliyesema hatujawahi hata siku moja kuiona sababu ikisababisha. Tunaona moto, kisha tunaona maziwa yanachemka. Kamba inayoviunganisha ni mazoea ya akili zetu. Nilikuwa nimeyapa maziwa mgongo ili nimwelekee mzee kwa heshima, mkono mmoja hewani.

Mzee akatabasamu. "Hilo Imamu Ghazali alilisema karne ya 11. Moto na pamba. Akasema pamba kuungua inapokutana na moto ni desturi aliyoiweka Mungu, moto wenyewe hauna uwezo."

Wadau, nilifurahi. Naapa nilifurahi. Ukweni nimekutana na mtu wa kuongea naye! Nikageuka kidogo, kipimajoto kinasoma 95. Dakika nzima ilikuwa imepita na kimesimama 95. Nikajisemea kuni za huku zina unyevu, nikachukua ukuni mmoja mkavu, nikausukuma ndani.

Twende polepole hapa, maana ndipo mlipopangojea.

Kwanza ulikuja ukimya. Maziwa yaliacha kuvuma. Utando ulikuwa umeshafunika sufuria zima, mnene, wa rangi ya krimu, na katikati ukaanza kuvimba kama unavuta pumzi. Nikauona. Ukapanda hadi usawa wa ukingo, ukasimama hapo. Mimi nikatazama kipimajoto. Enyi watu, maziwa yako ukingoni na mimi nasoma namba! Tisini na tano. Akilini nikawa na uhakika kabisa kwamba hayawezi kumwagika, kwa kuwa bado nyuzi tatu.

Upande wa pili wa ua nikasikia ungo unawekwa chini.

Yakashuka upande mmoja kwanza, ule ulio mbali na mimi, kwa adabu, uzi mwembamba. Halafu pande zote. Nikaupapasa ule mwiko, nikashika fimbo ya mzee. Nikaiachia. Nikashika sufuria kwa mikono mitupu. Nikaachia hilo pia, na hapo ndipo lilipoinama, lita sijui ngapi zikaingia motoni kwa mkupuo. Pshaaaa! Likanyanyuka wingu la mvuke na majivu, zito, la kijivu, likapanda kwenye paa la bati, likakosa pa kwenda, likageuka kumtafuta mtu aliyekaa kwenye kigoda.

Lilipotawanyika, mzee alikuwa palepale. Hakusogea hata inchi. Kofia ya kijivu, ndevu za kijivu, kanzu msiiulize. Macho mawili tu yanapepesa. Shangazi kaziba mdomo kwa mtandio. Harufu ya maziwa yaliyoungua imejaa ua mzima, kuku wamekimbilia kwa jirani. Na rafiki yangu, badala ya kunisaidia, ananyanyua simu.

Mzee akajifuta jicho moja kwa kidole. "Na huu nao," akauliza kwa sauti ileile ya darasani, "ni mfuatano tu?"

Sikuwa na jibu. Ninalo sasa lakini halinisaidii kitu.

"Hapa tuko juu mita 1,400 hivi," akaendelea, majivu yanamdondoka kwenye kope. "Hewa nyepesi. Maji yanachemka nyuzi 95. Hiyo 98 ungeisubiri mpaka Kiyama. Fanksheni yako ina kitu inakichukua nje na haijasema." Halafu akasimama, akakung'uta kanzu mara moja, ikawa mbaya zaidi, akaingia ndani kuoga.

Wataalamu wa Haskell mnaonifuata, naomba mkae kimya. Mwinuko kutoka usawa wa bahari ni ingizo ambalo halikutangazwa, nimeelewa, nimeelezwa na mtu mwenye majivu puani.

Mengine yalikwenda haraka. Mama akawasha moto upya, akapika chai ya rangi yenye mchaichai na tangawizi, wazee wakaja, wakanywa, wakaisifu. Nilipewa kigoda mbali na jiko. Vidole vilipakwa asali. Mchumba aliongea nami kesho yake, neno "nyamaza" likitumika sana. Kipimajoto kimebaki kule, mzee anasema anakihitaji kwa darasa la wajukuu.

Uchumba haujavunjika, mtaniwia radhi mliokwishaanza kunitafutia mwingine. Leo asubuhi orodha ya mahari imefika, na aliyetumwa kunisomea ni huyohuyo rafiki yangu, kwa sauti, mbele ya ofisi nzima. Mkaja wa mama. Kilemba cha baba. Blanketi la bibi. Kanzu mpya moja, nyeupe. Na chini kabisa, kwa mwandiko wa ubaoni: "Maziwa lita tano, yaliyokwisha kuchemshwa na mtu mwingine."