Ile ya CT-Scan siyo picha, ni jibu la hesabu

Siku bi mkubwa alipopigwa CT-Scan ya uso (kile kipimo cha mashine ya mionzi inayomzunguka mtu) nyumbani palikuwa kama msibani. Alikuwa na uvimbe kwenye taya, tukachangishana hela, akapimwa, tukakabidhiwa bahasha kubwa dirishani bila maelezo yoyote (hapo hospitali ile walituonea kwa kweli), na bahasha kama ile ikishafika nyumbani kila mtu anakuwa daktari. Shangazi akaiinua filamu kwenye mwanga akaona mistari myeupe imetawanyika mdomoni kama jua alilochora mtoto wa chekechea, akaanza kulia pale pale, "imeshasambaa hii". Bamdogo yeye akasema mashine mbovu.

Kesho yake daktari kaiangalia kama sekunde tano hivi, kamgeukia mama, "Mama samahani, una jino la dhahabu?" Analo, tangu usichana wake Tanga. Basi ile mistari ni jino. Na siyo kwamba ilikuwa mdomoni, haikuwa mahali popote mwilini mwake, ilikuwa kwenye hesabu tu.

Tangu siku hiyo nina ugomvi na neno "picha". Eksirei ya kawaida sawa, iite picha, ni kivuli, mionzi inapita upande huu inatokea upande ule, kila kitu kimelaliana juu ya kingine. Lakini CT-Scan hakuna kamera iliyoingia ndani ya kichwa cha mtu. Kinachopimwa ni jumla tu, mionzi imeingia kiasi gani, imetoka kiasi gani, kutoka pembe hii, halafu hii, halafu hii. Hizo alama nyeusi na nyeupe kompyuta ndiyo imezikokotoa.

Chukua bao. Mashimo 32, kete 64. Lifunike kanga, usiruhusiwe kuchungulia, mtu akuambie tu jumla ya kete kwa kila safu na kwa kila mstari wa wima, je utajua kila shimo lina ngapi? Huwezi, umepewa namba 12 na unatafuta 32. Hata ukichukua kona moja yenye mashimo manne bado unakwama: safu ya juu jumla 7, ya chini 5, wima wa kushoto 4, wa kulia 8. Mimi naweka 3 na 4 juu, 1 na 4 chini, inakubali. Wewe unaweka 1 na 6 juu, 3 na 2 chini, inakubali vile vile! Tutabishana mpaka magharibi. Lakini tukiambiwa na jumla ya mshazari, kutoka juu kushoto kwenda chini kulia, kwangu ni 7 kwako ni 3, ubishi umekwisha. Ndiyo maana ile mashine inazunguka, inatafuta mishazari.

Aliyethibitisha kwamba ukiwa na jumla za mistari yote, pembe zote, unaweza kukipata kilichofichika chote ni Johann Radon, mwanahisabati wa Austria, mwaka 1917, na hakuwa anawaza mgonjwa yeyote, ilikuwa hesabu tupu. Ikakaa kwenye makaratasi. Radon kafariki 1956, na mwaka huo huo, huku kwetu Afrika, pale Cape Town, mwalimu wa fizikia anaitwa Allan Cormack akaombwa ashikilie kazi ya muda hospitali ya Groote Schuur, akaona jinsi wanavyopanga mionzi ya wagonjwa wa saratani kana kwamba mwili wa mtu ni kitu kimoja kama tofali, mfupa sawa na pafu. Ikamkera. Akaanza kuitafuta ile hesabu ya kujua kilichofichika ndani, upya kutoka mwanzo, kuja kujua kwamba Radon alishaimaliza ilimchukua kama miaka 14 zaidi.

Sehemu ninayoipenda mimi ni hii. Mwaka 1957 Cormack akajaribu, akachukua kisahani cha aluminiamu kimezungushiwa mbao, akapitisha mionzi ya gamma, akapiga hesabu. Jibu likaja na kasoro, katikati ya aluminiamu namba hazikuwa sawa na pembeni. Angekuwa mtu mwingine angesema nimekosea. Yeye akaenda kuuliza karakana iliyochonga kile kitu, na kweli bwana, katikati walikuwa wamechomeka kijiti cha aluminiamu inayokula mionzi kidogo kuliko iliyobaki na hawakumwambia. Yaani hesabu ilikiona kitu ambacho mwenye hesabu hakujua kama kipo. Makala zake zikatoka 1963 na 1964, karibu kila mtu akakaa kimya, mojawapo ya barua chache alizopata ilitoka Uswisi kwa watu wanaochunguza maporomoko ya theluji.

Mwingereza Godfrey Hounsfield naye akafika kwa njia yake, kwenye kampuni ya EMI. Jaribio lake la kwanza maabara lilichukua siku 9 kukusanya vipimo kama 28,000 na kompyuta ikahitaji saa mbili na nusu. Tarehe 1 Oktoba 1971 akapimwa mgonjwa wa kwanza, kichwa, hospitali ya Atkinson Morley kule London, picha iliyogawanywa vyumba vidogo 80 kwa 80, yaani namba 6,400 za kutafuta. Mwaka 1979 wakagawana Nobeli ya tiba yeye na Cormack, na hakuna kati yao aliyekuwa na udaktari wa kusomea, wala ule wa hospitali wala ule wa chuo kikuu.

Sasa jino. Mionzi ikipita kwenye nyama haipungui kwa kutoa, kila sentimita inakula fungu la kilichobaki, hiyo ni kuzidisha, na sisi kwenye bao letu tunataka kujumlisha. Nani anageuza kuzidisha kuwa kujumlisha? Logi! Zile zile za kwenye four figure tulizokuwa tunazilaani sekondari. Ila dhahabu inakula karibu mionzi yote, upande wa pili inafika karibu na sifuri, na logi ya namba inayokaribia sifuri haishikiki, inakimbia, kosa dogo pale linakuwa kosa kubwa. Na kwa kuwa kila jumla inarudishwa kwenye mstari wake wote, kosa nalo linasambazwa mstari mzima, pembe baada ya pembe. Ndiyo jua la shangazi hilo.

Kwa hiyo ninavyoona mimi mtu akikuonyesha ndani ya kitu usiulize mashine ya shilingi ngapi, uliza umepima kutoka pembe ngapi na ni nini kilikuzuia. Wale wa piramidi ya Khufu kule Misri walifanya kiungwana, walitumia myuoni, chembe zinazotunyeshea kama mvua kutoka angani saa zote, mwaka 2017 wakasema kuna uwazi wa angalau mita 30 ndani ya mawe, na waliosema ni timu tatu zenye vifaa vitatu tofauti, majibu yakakutana. Hawakusema chumba cha mfalme, walisema uwazi. Uwazi mwingine mdogo zaidi, ule wa upande wa kaskazini, mwaka 2023 wakapenyeza kamera nyembamba kwenye upenyo wa mawe na kweli pana ujia wa kama mita 9.

Kinachonitia wasiwasi ni hizi programu za sasa za akili bandia zinazosafisha picha, zinapewa vipimo vichache na mapengo zinayajaza kwa mazoea ya picha zilizowahi kuona. Faida ipo, mionzi kidogo mwilini siyo kitu cha kudharau. Lakini kijiti cha Cormack je? Programu iliyozoea visahani vizima si ingekifuta kabisa, ikatoa picha nzuri inayong'aa? Mimi bora nipewe picha yenye mistari mibaya nijue hapa hesabu imeshindwa, kuliko safi isiyoniambia imebuni wapi.

Bi mkubwa alirudiwa kipimo, safari hii wakamwinamisha kichwa kidogo ili mionzi ipite kando ya jino. Uvimbe ulikuwa usaha kwenye mzizi wa jino la jirani, likang'olewa. Daktari akagusia kama angependa na lile la dhahabu litoke, siku nyingine akija kupimwa isilete shida. Mama kamwangalia tu, kafunga mkoba wake, katuambia twendeni.