"Mzuri sana" si maoni

Kinachonikera ni hiki: unamtumia mtu mkasa ulioutunga mwenyewe kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wahusika, ule wa dadu na karatasi mezani, unamwomba maoni, naye anajibu, "Mzuri sana, hongera!" Basi. Hongera ya nini? Umefika ukurasa wa ngapi?

Niambie wachezaji wako walikwama wapi. Kama kidokezo pekee cha kisa kizima kimefichwa kwenye droo ya siri, na dadu inayoamua kama wachezaji wanakiona ikigoma, hadithi inafia pale pale, hilo ndilo ninalotaka kulisikia kabla sijawakalisha watu mezani. Niambie zimwi la chumba cha pili liliwamaliza wote hata hawajajua linataka nini.

Na wewe mtunzi uliyeomba maoni, acha kubishia kila neno! Ukianza na "hapo nilimaanisha...", kumbuka mwendesha mchezo, yule anayewasimulia wachezaji mkasa wako, atabaki na karatasi zako tu, wewe hutakuwepo kumfafanulia.

Halafu kuna wanaokutungia mkasa mwingine kabisa: ondoa kijiji, weka joka. Sikuomba joka. Niliuliza kama ramani ya pango inasomeka.