Unga ni Unga

Wiki tatu mfululizo skonzi zangu zilitoka vizuri mpaka nikaanza kutembea kifua mbele jikoni. Nusu kilo ya unga, gramu 7 za hamira, mililita 320 za maji ya uvuguvugu, sukari, chumvi na mafuta kiasi. Mwanzoni nilipima kwa hofu. Sasa nilipima kwa madaha. Ndipo nikamwalika shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu ambaye utani kwake ni kazi ya kudumu, aje kunywa chai aone mwanamume anavyooka.

Jumamosi ile nafungua kabati, mfuko wangu wa unga umebaki vumbi. Pembeni kuna mwingine, unga laini kama poda, mbele umechorwa keki.

"Huo wa keki, usiuguse," mke wangu akasema.

"Unga ni unga, mama. Yote ngano tu."

Maji yaleyale, 320. Kilichopatikana hakikuwa donge, kilikuwa uji uliokataa kuiva. Mikono ikanata hadi vifundoni. Simu ikaita, nikaipokea kwa kiwiko. Nilikanda dakika 10, nikakanda 20, nikingoja ule wakati donge linapoacha kunata, ukivuta kipande kinatanuka kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga. Changu nikikivuta kinakatika kama karatasi iliyoloa.

Nikailaumu hamira. Kila anayeoka hulaumu hamira kwanza, kwa kuwa haina mdomo wa kujitetea. Lakini povu lake nililiona kwa macho yangu, na kazi yake iliifanya: zile skonzi ziliumuka kweli, ila kwa upana. Ziliingia ovenini 12, kila moja na nafasi yake. Zikatoka ukoo mmoja.

Shemeji akaitazama trei kwa heshima zote. "Tunaila, shemeji, au tunaikalia?"

Aibu ndiyo iliyonifanya nigeuze mifuko nisome maandishi madogo ya nyuma. Kumbe siri ni protini. Unga wangu wa mkate ulikuwa na gramu 12 na ushee katika kila gramu 100. Ule wa keki, 8. Protini hizo zikilowa na kukandwa hushikana zikawa glutini, utando unaovutika na kunasa hewa inayotolewa na hamira. Mimi nilikuwa napuliza puto la karatasi ya chooni. Juu ya hayo, unga dhaifu haunywi maji mengi, nami niliunywesha kipimo cha unga wenye nguvu.

Sasa nikawa msomi. Jumapili nikatoa unga wa ngano nzima, ule wenye pumba zake. Nikageuza mfuko: protini 13! Nikacheka peke yangu. Maji? Yaleyale 320, mimi mtu wa msimamo.

Hakuna aliyeniambia kwamba pumba hunywa maji kama mgeni aliyetoka safari ndefu, wala kwamba vipande vyake huukatakata ule utando wa glutini. Donge lilikuwa gumu tangu bakulini. Nilipozitoa, moja ilinidondoka sakafuni na paka akahama chumba. Shemeji naye alikuwa amerudi, huyu mtu anaishi kwa ajili ya siku kama hizo, akachukua moja, akagonga nayo meza mara tatu.

"Hodi!"

Jumatatu nikanunua unga wa mkate, nikauweka kabatini kimya kimya. Jumatano jioni nakuta keki mezani, imepanda vizuri, inanukia vanila. Nikajikatia kipande kikubwa. Kisu kiliingia, kikasita kutoka. Nikatafuna. Taarifa ya habari ikaanza, nikatafuna. Ikafika michezo, bado natafuna.

"Hii umeipiga na mashine?" nikauliza, shavu limejaa.

"Dakika 15 nzima, ilainike."

"Kwa unga gani?"

Mke wangu akanimiminia chai, polepole, bila kuniangalia.

"Wa keki si uliumaliza wewe? Nimechukua huo wako. Kwani si unga ni unga, baba?"