Ugezi wa radiomita za setilaiti: mashine ijipime yenyewe, au ipimwe na bahari?

Radiomita ya maikrowevu, yaani chombo kinachonasa maikrowevu zinazotoka Duniani, haipimi mvua wala joto la bahari. Inapima volti. Ugezi ndio unaozigeuza volti hizo kuwa halijoto ya mng'ao kwa kelvini (K), yaani nguvu ya maikrowevu hizo ikielezwa kama joto, na hapo wataalamu wamegawanyika: wapo wanaotegemea ugezi wa ndani ya chombo, na wapo wanaotaka Dunia yenyewe iwe rula.

Tuanze na wa ndani. GMI, radiomita ya GPM, setilaiti ya kupima mvua iliyorushwa Februari 2014, huzunguka mara 32 kwa dakika. Katika kila mzunguko vipokezi vyake hupita chini ya shabaha ya joto, yaani kipande chenye joto linalojulikana, kisha chini ya kidishi kinachotazama anga tupu lenye K 2.73. Ukishapata pointi hizo mbili unachora mstari, na volti yoyote iliyo kati yake inapata kelvini zake.

Kasoro iko kwenye shabaha ya joto. Uso wake ni safu za vichongoko vilivyopakwa rangi ya kufyonza maikrowevu, na vihisi joto vya platinamu vimefukiwa nyuma yake. Jua likipenya kwa dakika chache, ncha hupata joto kabla ya kihisi kujua. Radiomita ya kwanza ya aina ya SSMIS, iliyorushwa 2003, iliathirika hivyo. Ndiyo maana GMI ilizungushiwa kinga ya kuzuia jua.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi: dishi kuu, linaloelekeza maikrowevu za Dunia kwenye vipokezi, halimo kabisa katika ugezi huo, kwa kuwa shabaha na kidishi hukaa kati yake na vipokezi. Dishi la TMI, radiomita ya TRMM, setilaiti ya mvua ya 1997, lilikuwa likitoa mionzi yake lenyewe. Chukua mfano wa dishi lenye K 280 ambalo asilimia 3 ya mionzi inayofika kwenye vipokezi ni yake lenyewe. Likitazama bahari yenye K 160, linaongeza 0.03 × 120, yaani K 3.6. Likitazama msitu wenye K 280, haliongezi kitu. Kosa linalobadilika kulingana na kinachotazamwa huwezi kuliondoa kwa kutoa namba moja.

TMI iliokolewa na bahari. Maji tulivu chini ya anga kavu yana mng'ao unaokokotoleka vizuri kwa modeli ya kifizikia, na msitu wa Amazon hutoa upande wa joto. Njia hii hupima mnyororo mzima, dishi likiwemo, tena bila gharama ya kifaa cha ziada.

Lakini ina bei yake. Vipimo vya chumvi ya bahari vya setilaiti ya SMAP hurekebishwa kwa wastani wa bahari yote ili kuondoa mtelezo wa chombo, yaani kosa linaloongezeka polepole. Ramani zinatoka safi, ila haziwezi tena kutuambia kwa kujitegemea kama wastani huo wenyewe umebadilika. Ukikigeza chombo kwa modeli kila siku, badiliko unalolitafuta linaweza kufutwa pamoja na mtelezo. Kwa mtu wa mvua ya leo hilo ni dogo. Kwa anayetafuta sehemu ya kumi ya kelvini kwa muongo, ni kufuta ushahidi.

Kwa hiyo ugezi wa ndani uwe msingi, na bahari iwe mkaguzi: itumike kugundua kosa na kutafuta chanzo chake, kisha kurekebisha chanzo hicho, si kusukuma namba zifanane na modeli. Kwa TMI ilikuwa sawa kwa sababu kosa lilikuwa na maelezo ya kifizikia. GMI imekaribia mpangilio huu. Chaneli zake 7 za masafa ya chini, GHz 10.65 hadi 36.5, zina dayodi za kelele, yaani vifaa vinavyoongeza ishara ya kiasi thabiti, zinazoleta pointi nne badala ya mbili, hivyo hata kupinda kwa mstari kunaonekana. Tena setilaiti iligeuzwa makusudi itazame anga za mbali, dishi kuu likiwemo safari hii. Si ajabu radiomita za setilaiti nyingine zinazoshirikiana na GPM hulinganishwa nayo.

Ila chaneli za GHz 89 hadi 183 hazina dayodi hizo. Huko bado ni pointi mbili tu, na mkaguzi wa nje ana kazi kubwa zaidi.