Kereng'ende wa Pwani: picha ya simu au wavu?

Wanaofuatilia kereng'ende duniani wana mvutano wa siku nyingi. Je, mdudu huyu apigwe picha aachwe aende zake, au anaswe, auawe na kuwekwa kwenye bahasha ya makumbusho? Ukiusikia kwa mara ya kwanza utadhani ni ubishi wa watu wasio na shughuli. Kwa sisi wa Mombasa una uzito, kwa sababu misitu iliyo karibu nasi ina kereng'ende ambao nchi nyingi hazina, na wenyeji wanaoweza kuwataja kwa majina ni wachache mno.

Tuanze na wenye simu. Kereng'ende akifa rangi yake hupotea upesi. Yule mwekundu wa kung'aa anayekaa ukingoni mwa kidimbwi hugeuka kahawia, na macho yake huingia weusi. Wakusanyaji huwatumbukiza kwenye asetoni ili waokoe kidogo kinachookoleka. Picha huhifadhi rangi ilivyokuwa, pamoja na mahali, siku na saa. Zaidi ya hapo, simu ni za watu wengi. Tangu iNaturalist, mtandao wa kuweka picha za viumbe, uanzishwe mwaka 2008, mtu aliye kwenye vidimbwi vya Haller Park kule Bamburi anaweza kutuma picha, na mtaalamu aliye Uholanzi au Afrika Kusini akamtajia jina kabla ya jua kutua. Mtu mmoja na wavu wake hawezi kuzunguka Pwani nzima hata akipewa miaka kumi.

Kuna pia hoja ya huruma, nayo sioni kama ina nguvu sana. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, lilipotoa tathmini ya kwanza ya dunia nzima mwezi Desemba 2021, spishi 6,016 ziliangaliwa na asilimia 16 zikaonekana ziko hatarini kutoweka. Lawama kubwa iliangukia kuharibiwa kwa maeneo oevu na misitu. Anayemlilia kereng'ende mmoja aliye wavuni huku bwawa zima likifukiwa kwa kifusi amekosea adui. Isipokuwa kwa spishi adimu zilizobanwa kwenye kisehemu kidogo cha msitu. Huko, kusema kweli, hata mimi ningesita.

Udhaifu wa picha unajitokeza pale pale penye utajiri wetu. Kereng'ende wengi wembamba, wale wanaokunja mabawa wakitua, hufanana mno. Kinachowatenganisha ni umbo la vibanio vilivyo kwenye ncha ya mkia wa dume, navyo huonekana kwa lenzi, mdudu akiwa mkononi. Mwaka 2015 wataalamu Klaas-Douwe Dijkstra, Jens Kipping na Nicolas Mézière walieleza spishi mpya 60 za Afrika kwa mpigo mmoja. Kazi ya namna hiyo husimama juu ya vielelezo, yaani wadudu waliohifadhiwa, ambavyo mtu mwingine anaweza kuvifungua kesho na kuvikagua upya.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Coryphagrion grandis, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1924. Anaishi kwenye kivuli cha misitu ya Pwani kama Shimba Hills, na upande wa Tanzania pia. Ni mrefu, mwembamba, na hatagi mtoni wala ziwani. Hutaga kwenye matundu ya miti yaliyojaa maji ya mvua, na watoto wake hukulia humo wakila viluwiluwi vya mbu. Kwa hiyo anahitaji mti mzee, mti ambao makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, yamekataza kuukata tangu enzi za mababu. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kuhusu ukoo wake, mpaka uchunguzi wa DNA uliochapishwa mwaka 2007 ukamweka pamoja na majitu ya jamii yake yanayoishi kwenye misitu ya Amerika ya Kati na Kusini. Jamaa zake wako ng'ambo ya Atlantiki, na maelezo yanayotolewa ni kwamba undugu huo ulianza mabara yakiwa bado yameungana. Picha elfu za mdudu huyu zisingetoa jibu hilo.

Lakini hata wenye wavu wasijigambe. Habari kubwa kuliko zote kuhusu kereng'ende wa Bahari ya Hindi ilianza na mtu aliyetazama tu. Charles Anderson, mwanabiolojia aliyeishi Maldivi, aliona kwamba kila mwaka kuanzia Oktoba visiwa hivyo hujaa kereng'ende aitwaye Pantala flavescens, ilhali huko karibu hakuna maji yasiyo na chumvi ya juu ya ardhi ya kuzalia. Aliweka kumbukumbu mwaka hadi mwaka, akaulizia na Shelisheli, na mwaka 2009 akachapisha dai lake: wadudu hawa hutoka India, hupita juu ya bahari wakibebwa na upepo, hufika Afrika Mashariki wakati wa mvua, kisha vizazi vinavyofuata hurudi na kusi. Mzunguko mzima alikadiria kuwa kilomita 14,000 hadi 18,000. Majahazi yalikuja Mombasa kwa pepo hizo hizo, kwa hiyo hapa kwetu dai hilo si gumu kumeza. Kulithibitisha, hata hivyo, kulitaka mabawa. Bawa hubaki na alama ya haidrojeni ya maji ambamo mdudu alikulia, na mwaka 2012 Anderson na wenzake walionyesha kwamba waliokamatwa Maldivi walikulia kaskazini mwa India au mbali zaidi. Jicho liliuliza swali, wavu ukalijibu.

Kinachoniudhi mimi ni kingine. Waandishi wakuu wa elimu hii katika eneo letu ni Elliot Pinhey, aliyefanya kazi makumbusho ya Nairobi kabla ya kwenda Bulawayo. Philip Corbet, aliyechunguza kereng'ende Uganda. Kisha Viola Clausnitzer, aliyechapisha mwaka 2003 utafiti kuhusu kereng'ende wa Pwani ya Kenya, na ambaye pamoja na Dijkstra alitoa mwongozo wa Afrika Mashariki mwaka 2014. Wamefanya kazi nzuri na sina ugomvi nao. Lakini vielelezo vingi vya Afrika vimelala kwenye makumbusho ya London, Tervuren, Leiden na Bulawayo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani anayetaka kulinganisha mdudu wake na kielelezo cha kwanza, kile kilichotumiwa kumpa jina, hana budi kuomba picha kwa barua pepe. Halafu kuna vibali: NACOSTI kwa utafiti, KWS kwa wanyamapori, NEMA rasilimali za kijenetiki zikihusika. Sheria hizo zina sababu nzuri, zinazuia mali yetu isibebwe kimya kimya. Ila mgeni mwenye ufadhili ana mtu wa kumfuatilia makaratasi, na mwalimu wa Kwale hana.

Na faida iko. Mombasa ilipata mlipuko wa homa ya dengi, inayoenezwa na mbu, mwaka 2013 na chikungunya mwishoni mwa 2017. Kule Yangon, Myanmar, jaribio lililochapishwa mwaka 1990, Corbet akiwa mmoja wa waandishi, lilionyesha kwamba watoto wa kereng'ende wakitiwa kwenye vyombo vya maji majumbani hupunguza mbu aina ya Aedes aegypti. Sisemi tuwatie kwenye mapipa ya Kisauni kesho; kazi ile ilidai kulea wadudu wengi na ushirikiano wa nyumba kwa nyumba. Nasema tu kwamba hata kufikiria jambo hilo kunahitaji kujua nani anazaliana wapi, na picha ya mdudu aliyekomaa haisemi. Huenda aliletwa na upepo jana.

Ndiyo maana naipa uzito njia isiyozungumzwa sana, ya kuokota ngozi. Mtoto wa kereng'ende hutoka majini, hushika jani au jiwe, hujivua na kuruka, akiacha ganda kavu. Ganda hilo ni ushahidi kwamba alikulia hapo. Halihitaji kuua, mwanafunzi wa sekondari anaweza kuliokota, na maabara inaweza kupata DNA ndani yake.

Ningeanza na simu kwa kila mtu, kisha ngozi kwa shule na vyuo, na wavu pale swali linapoulazimisha. Hapo ningeweka masharti mawili: kielelezo kimoja kibaki Nairobi, na kijana wa Pwani awepo siku ya kumkamata mdudu na siku ya kumpa jina. Akiitwa siku ya kwanza peke yake, amekuwa mbeba wavu.